Kamusi ya simu ya elfu kumi na mbili, na neno lililonirudishia mteja akiwa amenuna

Kamusi hii nimekaa nayo miezi saba, kwa hiyo sisemi ya kuambiwa. Jina lake nalihifadhi: walioitengeneza ni vijana wanaotafuta riziki kama mimi, na kasoro nitakazozitaja nimezikuta pia kwenye nyingine mbili za bure nilizowahi kuziweka kwenye simu. Ni programu ya Kiingereza kwenda Kiswahili. Kuipakua hulipi kitu. Ukitaka ifanye kazi bila bando, matangazo ya mikopo yaondoke na ufunguliwe ukurasa wa "Asili ya Neno", hapo ndipo unatoa shilingi 12,000 kwa mwaka. Nililipa Jumatatu asubuhi kabla sijafungua kibanda, nikajiambia hiyo ni bei ya kufasiri kurasa nne, itarudi kabla ya adhuhuri.

Kibanda chenyewe ni steshenari, hapa Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Natoa kopi, nachapa barua, napiga vyeti lamineshi, na nafasiri. Sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, jirani yangu muuza vocha alinipa pole, akidhani kazi ya kufasiri imekwisha. Kwangu mimi imezidi. Barua za kusimamishwa kazi, za bima, za benki, mikataba ya kuuziana magari, nyingi bado zinakuja kwa Kiingereza, na mtu akitaka kuzipeleka mbele ya hakimu anataka Kiswahili chake mkononi. Zamani wangelimtafuta wakili. Siku hizi wananipitia mimi kwanza, shilingi 3,000 ukurasa.

Nianze na mazuri, maana yapo. Simu yangu kioo kimepasuka na hifadhi imejaa picha za vitambulisho vya watu, lakini programu haijawahi kuganda hata siku moja. Ukikosea herufi inakuelewa: unaandika "alegation" kwa l moja, inakuletea ile sahihi bila kukusimanga. Inatunza maneno uliyotafuta, kwa hiyo mteja akirudi baada ya wiki unaona ulimfanyia nini. Na sauti ni nzuri mno. Kuna mwanamke anatamka taratibu kama mwalimu wa darasa la tatu. Ni yeye aliyenitoa ujinga wa miaka mingi: mimi "baseless" nilikuwa naitamka kwa z katikati, kumbe ni s, beisi kisha lesi ya haraka haraka. "Neno la Siku" linalokuja saa kumi na mbili asubuhi nimelizima, lakini hilo ni langu, sipendi kuamshwa na msamiati.

Sasa hilo neno.

Mwezi wa nne alikuja mtunza stoo wa kampuni moja, mtu mzima, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alikuwa amekaa nyumbani wiki sita kwa tuhuma za kupotea mifuko 40 ya saruji. Barua ya ofisi ilikuwa ukurasa mmoja, Kiingereza kitupu. Sentensi iliyobeba barua nzima ilisema kamati imeona tuhuma dhidi yake kuwa ni "unsubstantiated" kwa hatua hiyo, na kwamba anaweza kurudi kazini. Neno lile nililijua kwa harufu, si kwa uhakika. Nikafungua kamusi. Ikajibu: isiyo na msingi. Nikachapa: "Kamati imeona kwamba tuhuma dhidi yako hazina msingi kwa hatua hii." Yale maneno ya mwisho niliyaandika, Mungu shahidi, lakini mtu akishasoma "hazina msingi" nani anaendelea mbele?

Aliisoma amesimama. Kisha akakaa kwenye benchi langu akaisoma tena. Akaomba kopi tano: ya mke wake, ya mwenye nyumba, ya mjumbe wa mtaa, moja ya akiba, na moja ya shemeji yake ambaye ndiye alikuwa wa kwanza kumwita mwizi mbele ya watu.

Baada ya wiki tatu alirudi. Zimepatikana karatasi nyingine za mapokezi ya mzigo, shauri limefunguliwa upya, naye amewajibu kwa kujiamini kwamba ninyi wenyewe mliandika tuhuma hazina msingi. Wakamwambia hatukuandika hivyo. Wakamwonyesha barua yao, akawaonyesha yangu. Aliziweka zote mbili juu ya meza yangu, bega kwa bega, akasema: "Dada, mimi Kiingereza sijui. Nilikulipa wewe ujue."

Nikamrudishia elfu tatu. Alizichukua. Hela ya kopi hakudai.

Usiku ule nililala na simu mkononi, naiandikia kamusi maneno moja baada ya jingine kama mtu anayemhoji shahidi. "Baseless": isiyo na msingi. "Groundless": isiyo na msingi. "Unfounded": isiyo na msingi. "Unsubstantiated": isiyo na msingi. Nikajaribu "unproven", ikanipa "isiyothibitishwa". Yaani neno nililolihitaji lilikuwemo ndani, limekaa chumba cha jirani, ila hakuna aliyefungua mlango wa katikati. Kama "unsubstantiated" ingenipa hilo tu, mtunza stoo angerudi kazini akijua kesi imelala, haijafa. Angetafuta mapema zile karatasi za mapokezi, asingekwenda kugawa kopi mtaani.

Tofauti yenyewe si ya wanazuoni. Ofisi ikisema "unsubstantiated" inasema: hatujaona ushahidi wa kutosha, pengine upo, pengine haupo. Ikisema "baseless" inasema tumeangalia chini hakuna kitu, na mara nyingi mwandishi anaitamka huku amekasirika. Ndiyo maana wanasiasa na makampuni wakishutumiwa hukimbilia hiyo ya pili. Hujapata kumsikia msemaji wa kampuni akisema shutuma dhidi yetu "hazijathibitishwa", kwa sababu hapo amekuachia mlango. Anasema hazina msingi, tena "wowote".

Kwa kuwa nilikuwa nimelipia, nikafungua ule ukurasa wa "Asili ya Neno". Hapa ndipo niliposhindwa kujizuia kucheka usiku peke yangu. Waliandika kwamba "baseless" imetokana na "base" yenye maana ya duni au -a chini, na "less" yenye maana ya pungufu. Ukiunganisha unapata kitu chenye uduni pungufu. Kumbe tuhuma za mtunza stoo zilikuwa zinasifiwa!

Yote mawili si kweli, na ukweli wake ni mtamu kuliko kosa lao. Niliutoa kwenye tovuti ya bure ya asili za maneno ya Kiingereza, anayoiendesha Mmarekani Douglas Harper. Huyo hajawahi kunidai hata senti na ukurasa wake unafunguka kwa bando la mia tano. Kiingereza kina "base" mbili zilizokutana njiani zikafanana sura. Moja inatoka kwenye Kilatini "bassus", kitu kifupi au cha chini, na ndiyo iliyozaa maana ya uduni, mtu wa tabia ya chini. Nyingine imetoka Kigiriki, "basis", ikapita Kilatini na Kifaransa. Hiyo kwanza ilikuwa hatua, kule kukanyaga kwenyewe, kutokana na kitenzi cha kwenda. Halafu ikawa kile unachokikanyaga, halafu kitako cha nguzo au cha sanamu, mwisho msingi wa kitu chochote. "Baseless" ni mtoto wa hii ya pili. Kwa hiyo ukilifumua neno mpaka uzi wa mwisho, linasema: haina pa kukanyaga.

Na ile "less" ya mkiani si "less" ya pungufu. Hiyo wengi inatupiga chenga, hata walimu. Zinaandikwa sawa lakini hazina ukoo. Ya mkiani inatokana na neno la Kiingereza cha kale, "leas", lililomaanisha huru, iliyofunguliwa, isiyo na. Ni ndugu wa "loose", kitu kilicholegea, na ni ndugu wa "los" ya Wajerumani, ambao mtu asiye na kazi humwita "arbeitslos". Kwa hiyo "homeless" hana nyumba kabisa, hatusemi ana nyumba ndogo. Na tuhuma "baseless" haina msingi mwembamba wa kuongezewa zege. Haina.

Tatizo la pili ni sentensi za mfano. Zipo tatu chini ya neno hili. Ya kwanza ni sawa. Ya tatu inahusu uvumi, na tafsiri yake, nanakili kama ilivyo, ni: "Uvumi huo haukuwa na kambi." Nilikaa nayo dakika nzima mpaka nikakumbuka kwamba "base" ni pia kambi ya jeshi. Kuna mashine mahali imeamua hivyo na hakuna binadamu aliyepita nyuma yake na fagio.

Ya katikati ndiyo iliyoniuma, kwa sababu walikuwa wameshika dhahabu mkononi wakaitupa. Wamechukua maneno ya Shakespeare kutoka kwenye ile tamthilia yake ya mchawi na kisiwa, iliyochezwa mbele ya mfalme wa Uingereza mwaka 1611 na kuchapishwa 1623, ambayo Samuel Mushi alituletea kwa Kiswahili mwaka 1969 kwa jina la Tufani. Ni miongoni mwa mahali pa mwanzo kabisa tunapojua neno hili limeandikwa. Mchawi Prospero ameonyesha watu maonyesho ya pepo, anayakatisha ghafla, anawaambia kwamba kama yalivyoyeyuka haya, ndivyo itakavyoyeyuka minara, na majumba ya kifalme, na mahekalu, na dunia yenyewe. Maonyesho yale anayaita "baseless fabric". Kamusi yangu ya elfu kumi na mbili imefasiri: "kitambaa kisicho na msingi".

Kitambaa! Sasa kitambaa kilianza lini kuwa na msingi?

Siku hizo "fabric" lilikuwa ni jengo, kitu kilichoundwa kwa mikono, kutoka "fabrica" ya Kilatini, karakana. Maana ya nguo ndiyo iliyoshinda baadaye. Mtu anayezungumzia minara na mahekalu anakuambia jengo lisilo na msingi, maono yaliyosimama hewani. Kwa hiyo neno hili, tangu karibu na kuzaliwa kwake, liko kwenye kiwanja cha ujenzi. Kuanzia hapo ndipo likahamia kwenye hofu, uvumi, shutuma, na sasa kwenye barua za watunza stoo. Ukurasa wa asili ya neno ungesema hayo tu, mistari minne, ningewalipa na mwaka wa pili hapo hapo.

Kwa kuwa mambo yalikuwa ya ujenzi, Jumapili nilikwenda kwa mjomba. Ni fundi mwashi, amechimba misingi tangu mimi sijazaliwa. Nilimkuta barazani na kahawa yake. Nikamuuliza, mjomba, nyumba isiyo na msingi ikoje?

Akaniangalia kama nimemtukana. "Nyumba isiyo na msingi haijajengwa, mwanangu. Hiyo imewekwa."

Nikamwambia mbona nyumba ya bibi kule Pangani ilikuwa ya miti na udongo, hakuna aliyemwaga zege, na ilisimama mpaka tukawa watu wazima. Akasema ile ilichimbiwa, kila nguzo iliingia ardhini mkono mzima na zaidi, wewe uliona udongo juu ukadhani hakuna kitu chini. Kisha akanipa somo nililokuwa nalitafuta kwenye simu wiki nzima, akihesabu kwa vidole. Kuna msingi mbovu: upo, umeuona, mawe yamepangwa vibaya. Kuna msingi ambao hujauona, kwa sababu umekuta nyumba imekwisha kupigwa lipu na jamvi limemwagwa. Hapo usiseme hakuna, useme hujachimbua. Na kuna hakuna msingi, umechimba pembeni ya ukuta ukakuta tofali la kwanza limekaa juu ya majani. "Mambo matatu hayo," akasema, "na bei zake tatu."

Kidole cha pili ndicho "unsubstantiated". Cha tatu ndicho "baseless". Kamusi imevifunga pamoja kwa gundi.

Zile mbili nyingine nazo zina ya kwao, ingawa sitakaa sana. "Unfounded" ina mtego mkubwa kwa sisi tuliojifunza Kiingereza ubaoni, kwa sababu tunaona "found" tunadhani ni ile ya kupata kitu kilichopotea, tunasoma "haikupatikana". Si hiyo. Ni "found" ya kuweka msingi, kutoka "fundus" ya Kilatini, chini kabisa ya kitu. Kwa maana iko jirani sana na "baseless", ila ni mpole zaidi; mtu hutumia hiyo akitaka kukutuliza hofu zako, si akitaka kukugombeza. "Groundless" ni ya zamani kuliko zote. Katika Kiingereza cha kale ilimaanisha kisicho na mwisho chini, kama kilindi cha bahari usichokigusa kwa nanga, na maana ya isiyo na sababu ikaja karne ya 17. Mahakamani hii inaungana na zile "grounds" za rufaa, ambazo sisi tunaziita sababu za rufaa. Kwa hiyo mara nyingi Kiswahili chake kizuri ni "bila sababu", hasa ikifuatana na hofu au wivu. Mwanamke mwenye wivu usio na sababu tunamjua. Mwenye wivu usio na msingi ni wa gazetini.

Na hapo ndipo lawama yangu kubwa kwa hii programu. Kiswahili si maskini hata kilazimishwe kuvaa shati moja sherehe zote. Mahakama zetu husema rufaa haina mashiko, na ni neno zuri mno, limetokana na kushika: umenyoosha mkono kutafuta pa kushikia, hakuna. Angalia jinsi lilivyo tofauti na la Kigiriki. Wao walitafuta pa kukanyaga, sisi tunatafuta pa kushika. Kuna uzushi, ambao una mzushaji, mtu kakaa akautunga. Kuna tetesi, ambazo kila shabiki wa Simba na Yanga anajua kwamba dirisha la usajili likifunguliwa nusu yake huwa kweli. Kuna fununu, ambayo ni dogo kuliko tetesi lakini lina harufu. Kuna uvumi, kutoka kuvuma, unasikika na hujui upepo umetoka upande gani. Na kuna lile la bibi zetu, jambo halina kichwa wala miguu, ambalo naapa ndilo tafsiri bora ya "baseless" mtu akiwa amekasirika kweli, ila huwezi kulichapa kwenye barua ya kamati. Waarabu wao husema jambo halina "asas", yaani msingi, na neno hilo tulilichukua likawa asasi, tukalifanya jina la taasisi. Leo unaweza kuwa na asasi ya kiraia isiyo na asasi yoyote na sentensi ikasimama.

Yote hayo programu haiyajui. Au inayajua: nilitafuta "spurious" ikanipa "bandia, ghushi", safi kabisa. "Rumour" ikanipa uvumi na tetesi. Kwa hiyo yupo mtu pale ndani anayejua Kiswahili, amefanya baadhi ya herufi akachoka, nyingine zimeachiwa mashine. Unamwona kabisa anapoishia. Maneno ya jikoni na ya hospitali ni mazuri. Ya ofisini na ya sheria, ambayo ndiyo watu wanalipia, ndiyo yaliyoachwa.

Huduma kwa wateja: wana namba ya WhatsApp. Niliwaandikia kuhusu kambi, kuhusu kitambaa, kuhusu uduni pungufu, nikaweka na picha za skrini. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, lenye adabu, likiniita "mteja wetu mpendwa" na kuniahidi kwamba timu inafanyia kazi. Mwezi uliofuata walitoa toleo jipya. Rangi imebadilika, vitufe vimekuwa vya duara. Nikafungua "baseless". Kitambaa kimeondolewa. Uduni pungufu upo. Kambi bado imepiga hema.

Je, ununue? Kama ni mwanafunzi, au una wageni wa hoteli, au unataka kutamka vizuri, chukua ile ya bure na uvumilie matangazo ya mikopo. Kama unafasiri barua zinazoamua kazi ya mtu, elfu kumi na mbili yako kanunue kamusi ya karatasi iliyotumika, hata iliyong'oka jalada. Mimi ninayo ya marehemu baba, alikuwa mwalimu wa msingi, imejaa alama zake za penseli. Hainiambii asili ya neno lakini inaniwekea maneno manne mbele, inanilazimisha kuchagua, na huko kuchagua ndiko ninakolipwa elfu tatu. Naipa programu nyota mbili na nusu. Nusu ni ya yule mwanamke wa sauti.

Kuhusu mtunza stoo. Sikutegemea kumwona tena, lakini Alhamisi iliyopita alisimama mlangoni, shati lile lile la mikunjo inayokata, bahasha mkononi. Hakukaa. Alisema amezunguka kote, wengine wanataka elfu tano. Nikaichukua barua. Karatasi zile za mapokezi zilikuwa za mzigo wa tawi jingine, mifuko imehesabiwa mara mbili, na safari hii kamati haikuwa imeandika kwa kujikunyata: tuhuma ni "entirely baseless", na mshahara wa wiki alizokaa nje utalipwa.

Kabla sijagusa simu akaweka kidole juu ya neno. "Hili ni lile lile la mwanzo?"

Nikamwambia silo. Nikamweleza kama mjomba alivyonieleza, kwamba lile la kwanza walikuwa hawajachimbua, na hili wamechimba pembeni ya ukuta wakakuta majani. Akatikisa kichwa polepole. Nikachapa: "tuhuma dhidi yako hazina msingi wowote", nikampa asome kwanza kabla ya kubonyeza kitufe cha kuchapisha. Alisoma mara mbili. Nilimkatalia kulipa, tukavutana kidogo, akaniachia elfu mbili juu ya meza.

Nikamuuliza kopi ngapi leo, tano?

"Moja," akasema. "Ya shemeji."